Alimpenda, Akamnunua

Riwaya za mapenzi hazina jina zuri miongoni mwa walimu. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kitabu chenye picha ya mwanamume na mwanamke jaladani kilisomwa chini ya blanketi, na mkufunzi aliyekikuta alikichukua bila maelezo. Historia ilikuwa jambo jingine. Historia ilikuwa na tarehe, na tarehe haikupata kumharibu mtu. Kwa hiyo aina ya vitabu ninayotaka kuizungumzia hapa, yaani riwaya ya mapenzi inayosimulia zama zilizopita, ilikuwa kama mtoto wa nje: walimu wa historia hawakumtaka kwa ajili ya mapenzi yake, na wapenda mapenzi hawakumtaka kwa ajili ya tarehe zake. Mimi nimemtaka kwa miaka zaidi ya hamsini. Tangu nilipostaafu ualimu mkuu nimekuwa nikiviazimisha vitabu hivi kwa majirani hapa Ujiji, kutoka kabati moja la mninga lililoko sebuleni, na kila anayekuja huuliza swali lilelile: Mwalimu, kipi kizuri? Swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Tuanze na ziwa letu wenyewe. Riwaya ya mapenzi iliyolitangaza Ziwa Tanganyika duniani iliandikwa na Mwingereza, C. S. Forester, ikatoka mwaka 1935 kwa jina la The African Queen. Mwaka 1951 ikafanywa filamu, iliyopigwa Kongo na Uganda, wakacheza Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na wageni wanaofika Kigoma kuitazama meli ya Liemba huitaja filamu hiyo kabla hawajataja kitu kingine. Wana haki. Ndani ya kitabu ziwa limepewa jina la kubuni, lakini meli ya Kijerumani inayotawala maji yake ni taswira ya Graf von Götzen, meli iliyoundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa reli iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wasije wakaiacha mikononi mwa adui. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya ikiitwa Liemba. Wazee wangu waliipanda, nami nimeipanda, nikiwa na kapu la samaki na mtoto wa watu kalala begani kwangu hadi Kasanga.

Kisa ni cha bibi mmoja wa Kiingereza, Rose Sayer, dada wa mmisionari, na fundi wa mashine aitwaye Allnutt, wanaoteremka mtoni katika mashua mbovu wakikusudia kuilipua meli hiyo. Njiani wanapendana. Ni kisa kitamu, sikatai. Watu wawili wasio vijana tena, wachafu, wenye homa, kila mmoja anagundua kuwa mwenzake ana ujasiri asioutarajia. Lakini katika kurasa za mwanzo mwandishi anafanya jambo moja ambalo msomaji wa pwani hii hulikuta kama mfupa katika ugali. Wajerumani wanakuja na kuwachukua wanakijiji wote, na mifugo, na chakula. Kijiji kinabaki tupu. Ndipo mapenzi yanapoanza. Wale waliochukuliwa hatuambiwi walikwenda wapi, wala hawarudi.

Katika historia yenyewe walikwenda kubeba mizigo. Boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, ambazo tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani na tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann, hazikuruka kutoka Cape Town hadi ziwani. Zilisafirishwa kwa treni, kisha zikaburutwa milimani Kongo kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu waliokata miti na kutandika madaraja. Pande zote mbili za vita zilikula wapagazi kama moto unavyokula nyasi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Mapenzi ya Rose na Allnutt yalihitaji nafasi, na nafasi ile ilipatikana kwa kuwaondoa wenyeji. Namwazima kitabu hiki kijana anayekimudu Kiingereza, nikimwambia ahesabu ni Waafrika wangapi wenye majina humo. Mmoja alinirudishia baada ya juma moja akanionyesha vidole vyake, bila kusema neno, akacheka.

Kitabu cha pili nimekiazimisha mara chache zaidi, na kila mara kwa mashaka. Ni Trade Wind cha M. M. Kaye, kilichotoka mwaka 1963. Hiki ndicho hasa kinachoitwa riwaya ya mapenzi ya kihistoria kwa kila kipimo: Zanzibar ya mwaka 1859, Sultani Majid na njama ya ndugu yake Barghash, dada zao Salme na Khole ndani ya njama hiyo, bandari, karafuu, pepo za msimu. Mwandishi aliisoma historia yake. Katika mambo ya kasri na ya ubalozi ukimfuata hupotei sana. Shujaa wake wa kike ni msichana wa Boston anayekuja Unguja kupiga vita biashara ya watumwa. Mwanamume atakayempenda ni nahodha wa Kiingereza anayeifanya biashara hiyohiyo. Anamteka na kumwingilia kwa nguvu, na kabla kitabu hakijafungwa msichana anampenda. Wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani wamelilalamikia jambo hilo, na ni haki yao.

Mimi hunishika zaidi mwanamke mwingine, ambaye hawamzungumzii sana. Nahodha ana mwanamke nyumbani, Zorah, aliyemnunua utumwani akiwa msichana mdogo, na amemzalia binti. Zorah anampenda mno, tunaambiwa, anamwabudu. Kabla kitabu hakijaisha anafariki, njia ikawa wazi kwa yule wa Boston. Nilimsimulia kisa hiki jirani yangu, mjane mwenye kuuza dagaa, asiyesoma Kiingereza lakini hupenda nimsimulie vitabu jioni. Alisikiliza hadi mwisho, harusi na yote, kisha akauliza, "Na yule aliyenunuliwa, Mwalimu, kwao walikuwa wakimtafuta?"

Swali hilo haliulizwi hivihivi katika mji wa Ujiji.

Burton na Speke walipofika hapa Februari 1858 waliukuta tayari ni kituo cha wafanyabiashara wa pwani. Baadaye Tippu Tip alipita, Rumaliza akawa na nguvu zake hapa, na kutoka ng'ambo, kutoka Manyema, mitumbwi na majahazi yalivuka na pembe za ndovu pamoja na watu. Wengine waliendelea kutembea hadi Tabora na Bagamoyo. Wengi walibaki. Walibaki wapishi, wavuvi, wapagazi, wakulima wa mashamba ya mabwana, na wanawake walioingizwa majumbani. Wajerumani hawakuukomesha utumwa kwa siku moja. Waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja na Waingereza mwaka 1922. Mtu aliyezaliwa mtumwa angeweza kabisa kuwa hai nilipoanza darasa la kwanza. Leo mtu wa Ujiji husema kwa fahari kwamba yeye ni Mmanyema, na fahari hiyo ni ya kweli, imejengwa na wenyewe, kwa ngoma zao na misikiti yao na misaada ya misibani. Lakini ni adabu ya mji huu kutomwuliza mtu babu yake alivukaje ziwa.

Nyumbani kwetu jambo hilo lilisimuliwa kama hadithi ya mapenzi. Bibi mzaa baba alituhadithia juu ya mama yake. Alikuwa msichana mzuri wa Manyema, alisema, akaletwa Ujiji, na mfanyabiashara mmoja alipomwona tu moyo ukamruka. Alimpenda, akamnunua. Akamjengea chumba chake, akampa bangili ya fedha, na hata siku moja hakumpiga. Alipomzalia mtoto hakuuzwa tena kamwe. Bibi aliisimulia kwa sauti ileile aliyoisimulia hadithi ya binti wa mfalme na nunda, nasi tukilala tukiwa tumefurahi. Bangili niliiona mwenyewe.

Nimeisikia hadithi hiyo katika nyumba nyingine za mji huu, ikiwa na mkufu badala ya bangili, au nguo ya hariri. Sisemi kuwa ni uongo. Chini ya sheria waliyoifuata mabwana, suria aliyezaa alipata ulinzi. Mwanawe alizaliwa muungwana, na bwana akifa mama huwa huru. Mwanamke aliyekuwa na hekima aliijua sheria hiyo kama mvuvi anavyozijua pepo. Bibi yangu alikuwa mtoto muungwana kwa sababu mama yake aliingizwa katika chumba kile. Angeisimuliaje vinginevyo? Hadithi ya mapenzi ilikuwa nguo pekee ya heshima aliyoweza kumvika mama yake mbele ya wajukuu. Hata jina alilopewa lilikuwa la bidhaa, kama walivyoitwa wengi, akina Faida na akina Zawadi. Jina alilopewa na mama yake mzazi halikuvuka ziwa.

Miaka michache iliyopita mjukuu wangu, aliyekuwa likizo kutoka chuoni, aliniomba nimsimulie. Nikamsimulia vilevile nilivyopokea, neno kwa neno. Akanyamaza, kisha akasema, "Babu, hebu geuza maneno. Useme: alimnunua, akampenda." Nikageuza. "Sasa sema yeye alifanya nini." Hapo hadithi haikuwa na kitenzi. Bibi alituachia vitenzi vyote vya mwanamume, alipenda, alinunua, alijenga, alitoa, hakupiga, na vya mama yake viwili tu: aliletwa na alizaa.

Tangu siku hiyo nikifungua riwaya ya mapenzi ya kale hutazama vitenzi vya mwanamke. Je, angeweza kukataa? Kama hangeweza, mwandishi analijua hilo, au analifunika kwa bangili?

Historia hutupatia mara mojamoja mwanamke anayejibu. Katika shajara za Livingstone yumo mmoja aitwaye Ntaoeka, aliyejiunga na msafara wake huko Manyema mwaka 1871. Mzee huyo wa dini hakupenda mwanamke mzuri akae msafarani bila mume, akampendekezea achague mmoja kati ya watumishi wake watatu, Chuma, Gardner na Mabruki. Livingstone mwenyewe anaandika kwamba Ntaoeka alitabasamu tu. Baadaye, wanawake wenzake walipotaka aolewe, alikubali, akaolewa na Chuma, ambaye aliahidi kuacha uvivu. Tabasamu hilo nalithamini kuliko kurasa mia za Trade Wind. Na yumo Halima, mpishi, ambaye Stanley alimkuta hapahapa Ujiji mwaka 1871 akihangaika kama chakula kitawatosha wageni. Watoto wetu wote wanajua maneno ambayo Stanley anasemekana kumwambia Livingstone chini ya mwembe; nimesahihisha maelfu ya madaftari yenye maneno hayo. Sikupata kukutana na mwanafunzi aliyejua nani aliwapikia siku ile.

Mwaka 2019 mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, alitoa riwaya kwa Kiingereza, Out of Darkness, Shining Light, inayohusu wale waliouchukua mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo hadi Bagamoyo, na sehemu yake kubwa inasimuliwa na Halima. Ntaoeka naye yumo. Mapenzi yamo, wivu umo, masengenyo ya jikoni yamejaa. Halima wa Gappah ana ulimi mkali na hamwogopi mtu. Najua kwamba Halima wa kweli hatukuachiwa maneno yake, na kwamba mwandishi amemtungia. Lakini amemtungia vitenzi. Mjane wangu wa dagaa aliniambia nisimalize haraka, nimsimulie kidogokidogo, na tulikwenda nacho mvua zote za masika.

Lakini kitabu ninachokipa kila mtu, kwa kuwa sasa kipo kwa lugha yetu, ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwandishi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 tukapata tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anawekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake. Anakua dukani, anakwenda na msafara bara, wanavuka ziwa kubwa. Msomaji wa hapa hahitaji ramani. Sehemu za msafara, na wapagazi wake, na hongo kwa watemi, na wagonjwa wanaoachwa njiani, watu wa Ujiji husoma wakitikisa vichwa kama waliosikia sauti ya jamaa.

Ndipo anaporudi na kumpenda Amina. Amina ameolewa na tajiri yuleyule, naye kaolewa kwa sababu ya deni. Wote wawili ni mali, wamekutana ndani ya bustani ya mwenye mali. Gurnah hafichi kwamba wanapendana, na hafichi kwamba mapenzi hayo hayana mahali pa kukaa. Amina anazungumza, anaieleza hali yake kwa maneno machache, bila machozi ya kupamba. Mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, alinirudishia kitabu kwa hasira. Alitaka watoroke. "Ningekuwa mimi ningemchukua usiku!" Nikamwuliza angempeleka wapi, na kwa chakula gani. Akakaa akafikiri, akaomba kitabu tena.

Adam Shafi nampa vijana. Vuta N'kuvute, kilichotoka mwaka 1999, kinaanza na jambo lilelile la kuozwa bila hiari: Yasmin, msichana wa miaka kumi na mitano, anaolewa na Bwana Raza aliye mtu mzima. Ila Yasmin anaondoka. Ni Unguja ya miaka ya 1950, kuna taarabu, kuna siasa, kuna Denge anayewindwa na polisi wa mkoloni, na vijana hukisoma usiku kucha. Wengine wamekwisha kuiona filamu yake ya mwaka 2021, hudhani hawana haja ya kitabu. Huwaacha waendelee kudhani hivyo kwa siku mbili, kisha huwasomea sura ya kwanza.

Kitabu ambacho mimi mwenyewe hukirudia ni kirefu na wengi hukiogopa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakaa nacho miaka mingi bila mchapishaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka kwa Tanzania Publishing House mwaka 1980 katika majuzuu mawili. Mwaka uliofuata alifariki. Ni habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wa zamani kabla ya wakoloni, wasio na mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke, wazazi wake wanakuja kumchukua, na Myombekere, badala ya kuoa mwingine kama anavyoshauriwa, anakwenda ukweni kumwomba arudi. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Basi kurasa kwa kurasa tunatengeneza pombe ya ndizi: tunakata mikungu, tunaivisha, tunakamua, tunakopa vyombo kwa majirani.

Vijana hunilalamikia kwamba hapo hapatokei kitu. Huwaambia hapo ndipo penye mapenzi yote. Mwanamume huyu anamtaka mke wake, naye hana ruhusa ya kumnunua tu. Anatakiwa amstahili, mbele ya mashahidi, kwa jasho lake, na hana hakika kama atapewa. Sijui tendo la mapenzi katika riwaya za Kaye au Forester linalolingana na lile la kuazima mtumbwi wa kukamulia ndizi.

Majuzuu yangu mawili yamechakaa, la kwanza zaidi kuliko la pili, kwa sababu wengi hukomea njiani. Mjukuu wangu alilichukua la kwanza alipoondoka, akasema ana kazi ya kuandika. Kisha ameanza kunipigia simu kuniuliza maswali yasiyo ya Kitereza. Jahazi lilichukua siku ngapi kutoka Mtoa hadi Ujiji, na walivuka usiku au mchana? Wanawake walikaa upande gani? Walipewa nini kula? Kwa Kimanyema binti wa kwanza huitwaje? Mengine nimemjibu, kwa mengine nimekwenda kwa wazee wa mjini, nikakaa barazani kwao, nikalizunguka jambo kwa adabu hadi wenyewe walipolifungua. Juzi ameuliza ile bangili iko kwa nani. Iko kwa shangazi yake mkubwa, na nimemwambia aje mwenyewe aiombe.